Baraza na Meneja: Historia ya Ushirikishwaji wa Wafanyakazi katika Mashirika ya Umma Tanzania

Miongoni mwa hoja ambazo wataalamu wa menejimenti hawajaacha kuzijadili tangu kumalizika kwa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ile ya ushirikishwaji wa wafanyakazi, yaani utaratibu unaowapa watu wa ngazi za chini nafasi ya kusikilizwa kabla uamuzi wa shirika haujapitishwa, huenda ndiyo iliyozaa maandiko mengi kuliko matokeo. Katika Afrika Mashariki hoja hiyo haikubaki vitabuni. Tanzania iliigeuza kuwa agizo la serikali mwaka 1970, ikaunda mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika yake ya umma, na katika muda wa miaka mitatu tu ikajikuta inakabiliwa na migomo iliyoendeshwa kwa maneno ya chama tawala chenyewe. Kwa kawaida historia hiyo husimuliwa kama sura ya siasa ya Ujamaa na kuishia hapo, lakini inastahili kusomwa pia kama historia ya taasisi: namna chombo kilivyobuniwa na waliokuwa juu, kikatumiwa na waliokuwa chini kwa njia ambayo wabunifu wake hawakuitazamia, kisha kikaendelea kuishi baada ya sababu zilizokizaa kutoweka.

Mabaraza hayo hayaeleweki bila kuutazama mfumo wa usimamizi uliokuwapo kabla yake. Katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, ambayo kwa miongo kadhaa ndiyo yaliyokuwa mwajiri mkubwa kuliko wote nchini, mamlaka yalishuka kutoka kwa meneja wa Kizungu hadi kwa nyapara, msimamizi Mwafrika aliyegawa kazi ya siku, akahesabu mafungu ya majani yaliyokatwa, na kuamua nani amemaliza na nani hakumaliza. Mfanyakazi alibeba kipande, kadi iliyowekewa alama kwa kila siku aliyoifanyia kazi hadi zikatimia siku 30, na mshahara ulilipwa kipande kilipojaa, si mwezi ulipokwisha. Aliyeugua, au aliyekataliwa kazi yake na nyapara, alisubiri zaidi. Bandarini Dar es Salaam vibarua waliajiriwa kwa siku na kuachwa meli zilipokosekana. Katika mazingira hayo hapakuwa na mahali ambapo neno la mfanyakazi lingeweza kupelekwa juu, kwa kuwa mtu pekee aliyesimama kati yake na ofisi alikuwa ndiye huyo huyo aliyemlalamikia.

Njia iliyobaki ilikuwa kuacha kazi kwa pamoja. Wapakuzi wa bandari ya Dar es Salaam waligoma mwaka 1939, na mgomo wao wa Septemba 1947 ukasambaa kutoka gatini hadi kwenye reli na miji ya bara, ukawapatia nyongeza ya mshahara na, jambo lililodumu zaidi, ukawaonyesha kwamba wanaweza kujipanga. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Tanganyika, lililojulikana kwa ufupisho wa TFL, liliundwa mwaka 1955, Rashidi Kawawa akiwa katibu mkuu wake wa kwanza. Waajiri wa mkonge, kwa upande wao, walipendelea kamati za mashauriano ndani ya kila shamba, ambamo wawakilishi wa wafanyakazi wangezungumza na meneja juu ya maji, nyumba na posho pasipo chama kutoka nje kuingia kati. Inafaa kulikumbuka pendekezo hilo la wenye mashamba, kwa sababu wazo la kwamba mashauriano ya ndani yanaweza kuchukua nafasi ya majadiliano kati ya pande mbili zenye nguvu lilikuja kufufuliwa baada ya uhuru na watu waliolipinga hapo awali.

Uhuru ulipopatikana, serikali mpya na vyama vya wafanyakazi viligombana mapema, hasa juu ya kasi ya naizesheni, yaani kuwapa wananchi nafasi zilizoshikwa na wageni, na juu ya uhuru wa vyama vyenyewe. Sheria za mwaka 1962, zilizopitishwa Kawawa yule yule akiwa Waziri Mkuu, ziliweka hatua nyingi za usuluhishi wa lazima kiasi kwamba mgomo halali ukawa karibu hauwezekani. Maasi ya jeshi ya Januari 1964 yaliipa serikali nafasi ya kumaliza kazi hiyo: viongozi wengi wa vyama walikamatwa, TFL ikavunjwa, na mahali pake pakaundwa NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi kilichofungamana na TANU, chama tawala, ambacho katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais na kwa wakati huo alikuwa pia Waziri wa Kazi. Lakini mwaka huo huo ilitungwa sheria ya kulinda ajira iliyoanzisha kamati za wafanyakazi katika sehemu za kazi na kumnyima mwajiri uhuru wa kumfukuza mtu papo kwa papo bila kufuata kanuni za nidhamu na bila kamati kuhusishwa. Mfanyakazi alinyang'anywa silaha ya mgomo akapewa kinga dhidi ya hasira za meneja. Kwa vibarua wa zamani ambao kazi yao ilitegemea uso wa nyapara, kinga hiyo haikuwa jambo dogo, na si haki kuisoma sheria ya 1964 kama hila tupu, ingawa ndivyo baadhi ya waandishi walivyoisoma.

Azimio la Arusha la Februari 1967, tamko la TANU la ujamaa na kujitegemea, lilibadilisha swali zima. Siku moja baada ya kutangazwa, mabenki yalitaifishwa na kuunganishwa kuwa Benki ya Taifa ya Biashara; zikafuata kampuni kubwa za kusaga nafaka na za biashara ya nje, na serikali ikachukua hisa nyingi katika viwanda kadhaa vikiwamo vya bia, sigara, viatu na saruji. Umiliki ulihama kwa amri, lakini ujuzi wa kuendesha haukuhama nao. Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, lililokabidhiwa viwanda, liliingia mikataba ya uongozi na kampuni zile zile zilizokuwa wamiliki, ambazo ziliendelea kuwaleta mameneja, wahasibu na mafundi kwa ada. Ili mishahara ya mashirika haya isiikimbie ile ya serikalini, iliundwa kamati ya kudumu ya mashirika ya umma, SCOPO, iliyopanga madaraja na marupurupu. Na sera ya mapato, iliyofuata ripoti ya Profesa H. A. Turner aliyetumwa na Shirika la Kazi Duniani, iliweka ukomo wa nyongeza za mishahara na kuzifunganisha na tija, maana yake uwiano kati ya kinachozalishwa na nguvu inayotumika kukizalisha. Ndani ya kiwanda, hata hivyo, mfanyakazi aliyeambiwa kwamba sasa kiwanda ni chake alikuta kengele ni ile ile, msimamizi ni yule yule, na mkubwa bado anakula chumba cha peke yake.

Pengo hilo kati ya tangazo na maisha ya kazini ndilo lililokusudiwa kuzibwa na Agizo la Rais Namba 1 la tarehe 10 Februari 1970. Agizo lilitaka kila shirika la umma liunde baraza la wafanyakazi, pamoja na kamati ya utendaji chini yake, na mfanyakazi apate kiti katika bodi ya wakurugenzi. Nchi nyingine zilikuwa zimetangulia: Yugoslavia ilipitisha sheria ya mabaraza ya wafanyakazi mwaka 1950 na kuyapa, angalau kwenye karatasi, mamlaka ya kuongoza kampuni, Algeria ilitangaza uendeshaji wa wafanyakazi wenyewe mwaka 1963 katika mashamba na karakana zilizoachwa na walowezi, Ujerumani Magharibi iliwapa wafanyakazi viti katika bodi za makampuni ya makaa na chuma tangu 1951. Tanzania haikuufuata hata mmoja kati ya mifano hiyo kikamilifu. Baraza lake lilikuwa la ushauri: lingejadili mipango ya uzalishaji, ubora wa bidhaa, masoko, elimu ya wafanyakazi na utekelezaji wa sera ya mishahara, na lingepokea mizania, ile taarifa ya mwaka inayoonyesha mali na madeni ya shirika. Uamuzi ulibaki kwa bodi, na bodi iliteuliwa kutoka juu.

Hesabu ya wajumbe inaeleza zaidi kuliko utangulizi wa agizo lenyewe. Katika baraza walikaa mwenyekiti wa tawi la TANU, meneja mkuu, wakuu wote wa idara, kamati ya wafanyakazi na wawakilishi waliochaguliwa, kwa sharti kwamba wawakilishi hao wasizidi robo tatu ya wajumbe wote. Katika kamati ya utendaji, ambako mambo yalitengenezwa kabla ya kufika barazani, wasizidi theluthi moja. Msomaji wa haraka anaweza kuiona robo tatu kama ukarimu. Ukweli ni kwamba agizo liliweka dari, halikuweka sakafu: lilisema wafanyakazi wasizidi wangapi, halikusema wasipungue wangapi, na kila kiwanda kilikuwa huru kujaza nafasi zake chini ya dari hiyo kadiri kilivyoona. Hofu iliyojificha katika kipimo hicho ilikuwa ya wafanyakazi kuwa wengi mno. Hofu ya kuwa wachache mno haikuandikiwa kanuni.

Kulikuwa na tatizo jingine, la kawaida zaidi na pengine lililoumiza zaidi. Kiwanda kimoja sasa kilikuwa na kamati ya wafanyakazi ya mwaka 1964 kwa mambo ya nidhamu, baraza la 1970 kwa mambo ya tija, tawi la NUTA kwa maslahi, na tawi la TANU kwa siasa, na mara nyingi sura zilizoonekana katika kikao kimoja ndizo zilizoonekana katika kingine, chini ya mwenyekiti tofauti. Mipaka ya vyombo hivyo haikuwa wazi kwa yeyote. Lalamiko juu ya msimamizi mwenye matusi lingeweza kuanzia kwenye kamati, likaelekezwa NUTA, likarudishwa tawini, na kufika barazani likiwa limeshapoa, ambako mwenyekiti angesema kwa haki kabisa kwamba baraza linashughulikia uzalishaji. Tena mizania ilitayarishwa kwa Kiingereza na kwa lugha ya wahasibu, ikagawiwa kwa watu wengi waliosoma madarasa machache ya shule ya msingi. Kuuliza swali juu ya uchakavu wa mitambo, ile thamani ambayo mashine hupoteza mwaka hadi mwaka na ambayo wahasibu huiondoa kwenye faida, kulihitaji kwanza kujua kwamba kitu hicho kipo. Mafunzo yalitolewa, ila kwa njia mbili zisizokutana: Chuo cha Uongozi wa Maendeleo cha Mzumbe, kilichoundwa mwaka 1972, kiliwafunza watawala na mameneja mbinu za utawala na fedha, huku Chuo cha Kivukoni, kilichokuwapo tangu 1961, kikiwafunza viongozi wa chama na wa wafanyakazi siasa. Waliotoka Mzumbe walijua kusoma vitabu vya hesabu, waliotoka Kivukoni walijua kwa nini vitabu hivyo visomwe, na barazani walikaa upande huu na huu wa meza.

Kwa mwaka mmoja mabaraza yalikaa kimya au hayakuundwa kabisa. Kilichoyaamsha hakikutoka kwenye sayansi ya menejimenti. Februari 1971, baada ya uvamizi wa Guinea uliofanywa na Wareno mwezi Novemba uliotangulia, na baada ya Idi Amin kumpindua Milton Obote nchini Uganda mwezi Januari, Halmashauri Kuu ya TANU ilitoa Mwongozo, waraka mfupi uliohimiza ulinzi wa taifa na uongozi usio wa kibwana. Kifungu chake cha 15 kilikemea viongozi wenye majivuno, dharau na uonevu, na kikasema wazi kwamba tabia hizo hazikubaliki katika nchi inayojenga ujamaa. Kilikuwa kifungu cha maadili. Hakikugawa madaraka wala hakikuunda chombo. Lakini kilikuwa kifupi, kiliandikwa kwa Kiswahili kinachoeleweka na kila mtu, na kilitoka kwenye chama ambacho hakuna meneja aliyethubutu kukipinga hadharani. Wafanyakazi walikishika. Wajumbe waliokuwa hawana la kusema juu ya mizania sasa walisimama na kijitabu mkononi, wakataja namba ya kifungu, na kumwuliza mkuu wa idara ni kwa mamlaka gani alimtukana mtu mbele ya wenzake.

Kati ya 1971 na 1973 ilitokea migomo zaidi ya 30 katika mashirika ya umma na ya watu binafsi, ikihusisha wafanyakazi zaidi ya 20,000, katika nchi ambayo mgomo ulidhaniwa kuwa umezikwa miaka tisa nyuma. Wengi wa waliogoma hawakudai mshahara kwanza. Walidai meneja fulani aondoke, kwa sababu ya lugha yake, upendeleo wake, au namna alivyotumia gari na fedha za shirika. Mara kadhaa walimfungia mlango wa ofisi asiingie, nao wakaendelea na kazi, na hapo ndipo serikali ilipobanwa, kwa maana haikuwa rahisi kuwaita wavivu watu waliokuwa wanazalisha. Tukio lililokwenda mbali kuliko yote lilikuwa la kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, mwaka 1973, ambako wafanyakazi walimtoa mwenye mali na kukiendesha kiwanda wenyewe. Kwa muda mfupi ilionekana kana kwamba serikali ingelikubali jambo hilo kuwa njia halali ya kutaifisha kutoka chini. Majaribio yaliyofuata mahali pengine yalizimwa kwa polisi, kwa kufukuzwa kazi, na kwa baadhi ya wafanyakazi kurudishwa makwao mikoani. Uongozi wa nchi ukaeleza kwamba Mwongozo haukuwa ruhusa ya kila kundi kujichukulia kiwanda.

Wanazuoni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliyaandika matukio hayo yakiwa bado moto. Issa Shivji, katika kitabu chake cha mwaka 1976 juu ya mapambano ya kitabaka nchini, aliyaona kama wafanyakazi kuanza kulitambua tabaka jipya la watawala wa mashirika; Henry Mapolu, mhariri wa mkusanyo uliotoka mwaka huo huo kuhusu wafanyakazi na menejimenti, alichunguza jinsi mabaraza yalivyofanya kazi kwa undani; Pascal Mihyo alifuatilia migogoro hiyo kwa jicho la sheria. Kazi zao hazijapitwa, lakini zilitilia mkazo siasa kiasi cha kuacha swali la taasisi nusu: kwa nini kifungu cha maadili kilifanya kile ambacho muundo wenye kanuni na asilimia ulishindwa kufanya?

Jibu moja linaweza kupatikana katika utafiti uliofanyika mbali sana na Dar es Salaam. Mwaka 1948 Lester Coch na John French, waliofuata mawazo ya mwanasaikolojia Kurt Lewin, walichapisha matokeo ya jaribio katika kiwanda cha nguo za kulalia cha Harwood, Virginia, nchini Marekani, wakaonyesha kwamba vikundi vilivyoshirikishwa katika kupanga mabadiliko ya kazi vilirudisha uzalishaji haraka, wakati kikundi kilichoambiwa tu kilidorora na baadhi ya watu wake wakaacha kazi. Jaribio hilo likawa msingi wa fundisho lote la kukabili ukinzani dhidi ya mabadiliko. Lakini lilipofanywa tena Norway na kuchapishwa mwaka 1960, halikutoa tofauti iliyotarajiwa, na watafiti, French mwenyewe akiwamo, walieleza kwamba ushirikishwaji una nguvu pale tu wafanyakazi wanapouona kuwa halali na unaohusu jambo lenye uzito kwao. Wafanyakazi wa Norway walikuwa na chama chao na hawakuona sababu ya kupita mlango mwingine. Huko Tanzania hali ilikuwa kinyume cha Norway kwa upande mmoja na sawa nayo kwa upande mwingine. Chama huru hakikuwapo, kwa hiyo mlango ulihitajika. Ila mlango uliofunguliwa mwaka 1970 ulielekea kwenye chumba cha tija, wakati jambo lililowachoma wafanyakazi lilikuwa heshima. Mwongozo uliligusa jambo hilo, na kwa sababu hiyo ukaonekana halali mara moja.

Serikali yenyewe, wakati huo huo, ilikuwa inatafuta mabadiliko ya muundo kwa njia nyingine kabisa. Mpango wa Madaraka Mikoani wa mwaka 1972, uliovunja halmashauri za wilaya na kuwapeleka maofisa waandamizi mikoani chini ya wakurugenzi wa maendeleo, ulibuniwa kwa ushauri wa McKinsey, kampuni ya Kimarekani ya washauri wa biashara. Nchi iliyotangaza ujamaa na kujitegemea ilimwajiri mshauri wa makampuni makubwa ya kibepari aichoree safu za madaraka, na hakuna aliyeona ajabu kubwa katika hilo wakati ule. Kwa lugha ya washauri, kilichofanyika kilikuwa kuyasogeza maamuzi karibu na mahali pa utekelezaji. Kwa mwananchi wa wilayani, diwani aliyemchagua aliondoka na ofisa aliyeteuliwa akaja. Halmashauri zilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982, na Mwalimu Nyerere, aliyekuwa Rais zilipovunjwa, alikiri baadaye kwamba kuzivunja lilikuwa kosa. Mfanano kati ya mpango huo na mabaraza ya viwandani ni wa karibu: vyote viwili vilibadilisha mahali pa mkutano bila kubadilisha mahali pa uamuzi.

Baada ya 1974, ukame, bei ya mafuta na uhaba wa fedha za kigeni viliifanya nidhamu ya kazi kuwa wimbo wa kila hotuba. Mabaraza yaliendelea, yakawa mahali pa kusomewa malengo. NUTA iligeuka JUWATA, jumuiya ya chama tawala, baada ya kuzaliwa kwa CCM, mrithi wa TANU, mwaka 1977, na mwenyekiti wa tawi alipokaa barazani hakukuwa tena na tofauti ya maana kati ya sauti ya chama, sauti ya wafanyakazi na sauti ya menejimenti. Idadi ya mashirika ya umma ilipanda hadi kufika karibu 400 katika miaka ya 1980, mengi yakiwa yanafanya kazi chini sana ya uwezo wa mitambo yao kwa kukosa vipuri na malighafi. Katika kiwanda kisicho na pamba, mjadala wa tija hauna pa kuanzia.

Mkataba na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, Azimio la Zanzibar la 1991 lililolegeza masharti ya uongozi yaliyotokana na Azimio la Arusha, na kuundwa kwa tume ya kurekebisha mashirika ya umma, PSRC, vilifungua zama ambamo mabadiliko ya shirika yalimaanisha kuuzwa. Kiwanda cha bia kilipata mbia wa Afrika Kusini mwaka 1993. Benki ya Taifa ya Biashara iligawanywa mwaka 1997 na sehemu yake kuuzwa kwa benki ya Afrika Kusini mwaka 2000. Serikalini kwenyewe ulipangwa mpango wa kupunguza watumishi wapatao 50,000. Hapa ndipo upungufu wa chombo cha ushauri ulipoonekana bila pazia. Mabaraza yalikuwa na haki ya kujadili ubora wa bidhaa na mafunzo ya wafanyakazi, lakini hayakuwa na neno la mwisho juu ya lolote, na uamuzi wa kuuza ulipofika haukuhitaji kupita kwao. Waliopunguzwa kazini walikwenda mahakamani kudai mafao, wengine kwa miaka mingi, kwa sababu mahakama ilikuwa mahali pekee palipokuwa na uwezo wa kumlazimisha mtu kulipa.

Wimbi lililofuata lilitoka kwenye nadharia inayotaka ofisi za serikali ziendeshwe kwa mikataba, malengo na vipimo kama kampuni. Sheria ya Wakala za Serikali ya mwaka 1997 ilitoa nafasi kwa idara kugeuzwa vyombo vinavyojitegemea kiutendaji. Mwaka 2004 ukaingia mfumo wa wazi wa mapitio na tathmini ya utendaji kazi, OPRAS, ambamo kila mtumishi alijaza fomu ya malengo yake na kuitia saini pamoja na msimamizi wake. Mfumo huo ulimtazama mtumishi mmoja mmoja, na kwa namna fulani uliupa upya umuhimu ule uhusiano wa watu wawili uliokuwapo enzi za kipande: mmoja anayepanga na kupima, mwingine anayepimwa. Fomu nyingi zilijazwa kwa kutimiza wajibu, jambo ambalo serikali yenyewe ililitambua ilipobuni mifumo mingine ya kidijitali kuchukua nafasi yake.

Pamoja na yote hayo, mabaraza hayakufutwa. Sheria ya majadiliano ya pamoja katika utumishi wa umma ya mwaka 2003 iliyathibitisha, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 iliruhusu chombo cha ushirikishwaji katika sekta binafsi pale mwajiri na chama cha wafanyakazi kinachotambuliwa wanapokubaliana kukiunda, ruhusa ambayo waajiri binafsi hawana haraka ya kuitumia. Katika wizara, vyuo vikuu, hospitali na mamlaka za serikali, baraza hukutana kujadili makadirio ya bajeti kabla hayajapelekwa mbele, na hapo mtumishi wa kawaida huweza kuziona takwimu za matumizi ambazo pengine asingezipata kwa njia nyingine, kuuliza juu ya upandishaji vyeo na malimbikizo, na kupata majibu yanayoingizwa kwenye kumbukumbu. Hiyo ni faida halisi, na wanaoyabeza mabaraza kuwa ni vikao vya chai na posho huisahau kwa urahisi. Lakini uwezo wa kisheria wa baraza kumzuia mkuu wa taasisi haujaongezeka kwa kiasi chochote cha maana tangu siku lilipobuniwa: linashauri, na bodi inaamua.